Majibu mawili ya tezi moja: TSH iliyopanda na slaidi zenye seli za Hürthle

Usuli

Mgonjwa ni mwanamke wa makamo, mkulima wa alizeti na mtama katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Dodoma, aliyefika katika hospitali ya rufaa ya kanda ya kati akiwa na uvimbe upande wa kulia wa shingo. Umri wake kamili, kijiji chake, tarehe na jina la hospitali vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa ili asitambulike.

Uvimbe huo alikuwa nao kwa miaka kadhaa. Majirani waliuita rovu, naye hakuwa na sababu ya kubishana nao. Katika zahanati ya karibu alishauriwa atumie chumvi yenye madini joto, ushauri ambao una asili yake, kwa kuwa upungufu wa madini hayo ulikuwa tatizo kubwa nchini, hasa katika nyanda za juu za kusini, kiasi kwamba katika miaka ya 1980 na 1990 watu wa maeneo yaliyoathirika zaidi walipewa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Hata hivyo, alipoulizwa jikoni kwake hutumia chumvi gani, alijibu kwamba ni ile ya pakiti ya dukani yenye madini joto, na ameitumia tangu alipoolewa. Jibu hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba chanzo cha uvimbe kitafutwe kwingine.

Malalamiko mengine hayakutoka mpaka alipoulizwa moja baada ya jingine. Alikuwa akichoka kabla ya jua kupanda, choo kilikuwa kigumu, sauti ilikuwa imekuwa nzito, na hedhi ilikuwa nyingi kiasi kwamba alikuwa akimeza vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma. Baridi ya asubuhi za Juni na Julai, ambayo Dodoma huifahamu vizuri, ilikuwa ikimtesa hata saa ambazo wenzake shambani walikuwa wameshavua masweta. Yeye mwenyewe aliyahesabu hayo yote kuwa ni umri.

Kipimo cha damu kilionyesha TSH ya 14.8 mIU/L, wakati kiwango cha kawaida katika maabara hiyo ni kati ya 0.4 na 4.0, na T4 huru, homoni inayotengenezwa na thairoidi yenyewe, ya 9.1 pmol/L, iliyo chini ya kiwango cha kawaida cha 12 hadi 22. TSH hutolewa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo ili kuihimiza tezi ya thairoidi iliyo shingoni ifanye kazi, na thairoidi inapozembea, pituitari huongeza msukumo. Kwa hiyo TSH iliyopanda pamoja na T4 iliyoshuka maana yake ni kwamba tezi yenyewe imechoka.

Ultrasaundi ilionyesha kinundu kimoja kigumu cha sentimita 2.6 katika tundu la kulia, yaani upande mmoja wa tezi, chenye rangi nyeusi kuliko tezi inayokizunguka, kingo zake zikiwa laini na bila chembechembe za chokaa. Mpiga picha aliongeza mstari mmoja ambao baadaye ulikuja kuwa na uzito mkubwa: sehemu nyingine yote ya tezi, pande zote mbili, ilikuwa na mabaka-mabaka. Kwa TI-RADS, mfumo wa madaktari wa radiolojia wa Marekani wa mwaka 2017 wa kupima kwa alama hatari ya vinundu, kinundu kigumu na cheusi cha namna hiyo hupata alama 4, na kinapofikia sentimita 1.5 hustahili kuchomwa sindano ya kuchukua seli.

Sindano ya kwanza

Sindano ilichomwa kliniki bila kuongozwa na ultrasaundi, kwa kuwa kinundu kilishikika vizuri kwa vidole. Mgonjwa alilazwa chali, mto ukawekwa chini ya mabega ili shingo ijinyooshe, akaambiwa, "Mama, usimeze mate mpaka nikuambie." Sindano nyembamba ya geji 23 iliingizwa na kuchezeshwa ndani ya kinundu mara chache, kisha kilichopatikana kikatandazwa kwenye slaidi, nyingine zikaachwa zikauke kwa rangi ya Giemsa, nyingine zikatumbukizwa kwenye alkoholi kwa rangi ya Papanicolaou.

Hapa pana jambo ambalo wageni wa kanda hii hulidharau. Katika hewa kavu ya Dodoma wakati wa kiangazi, tabaka jembamba la seli hukauka kwenye kioo kabla mtu hajafungua kifuniko cha chupa ya alkoholi. Slaidi iliyokusudiwa alkoholi ikikauka kwanza, viini vya seli hutanuka na kupoteza ung'avu wa mistari yao, na msomaji wa hadubini anaweza kuviona kama viini vyenye kasoro. Baadhi ya slaidi za mgonjwa huyu zilikuwa na dalili hizo.

Fomu ya maombi iliyofuatana na slaidi iliandikwa: "Uvimbe wa shingo upande wa kulia. Tafadhali chunguza." Hayo tu. TSH haikutajwa, T4 haikutajwa, wala mabaka yaliyoonekana kwenye ultrasaundi. Majibu ya damu yalikuwa ndani ya faili la kliniki ya magonjwa ya ndani, nalo faili hilo lilikuwa kwenye jengo jingine.

Majibu ya patholojia yalisema sampuli inatosha kusomwa, yaani ilivuka kile kizingiti cha angalau vikundi sita vya seli za tezi vyenye seli kumi au zaidi kila kimoja. Seli zenyewe karibu zote zilikuwa za Hürthle, yaani seli za thairoidi zilizobadilika sura: kubwa, zenye mwili mpana wa chembechembe za waridi na kiini chenye doa katikati. Koloidi, ule ute unaohifadhi homoni ndani ya tezi, ilikuwa kidogo, na limfosaiti, seli nyeupe za kinga, hazikuonekana. Msomaji aliiweka sampuli kwenye kundi la IV la mfumo wa Bethesda, ambao hupanga majibu ya sindano ya thairoidi katika makundi sita, yaani shaka ya uvimbe mpya wa seli za Hürthle.

Uamuzi wa kupasua na kusimamishwa kwake

Kundi la IV lina njia yake inayojulikana. Toleo la kwanza la mfumo wa Bethesda, la mwaka 2010, lilikadiria kwamba kati ya asilimia 15 na 30 ya vinundu vya kundi hilo hubainika kuwa saratani, na likapendekeza tundu lenye kinundu liondolewe, kwa sababu sindano haiwezi kutofautisha uvimbe salama wa aina hii na saratani yake. Tofauti hiyo huonekana pale tu ganda la kinundu kizima linapochunguzwa kama limepenywa. Daktari wa upasuaji alimweka mgonjwa kwenye orodha, na kwa karatasi aliyokuwa nayo mkononi alifanya kama inavyotakiwa.

Kilichousimamisha uamuzi huo ni maandalizi ya dawa ya usingizi. Mtaalamu wa usingizi aliomba majibu yote ya damu, akaikuta TSH ya 14.8, akakataa kuendelea mpaka homoni zirekebishwe, kwa kuwa mtu mwenye upungufu wa homoni za thairoidi usiotibiwa anaweza kuchelewa kuamka, kushuka kwa joto la mwili na kupungukiwa na nguvu ya moyo, na upasuaji huu haukuwa wa dharura. Mgonjwa alipoelezwa sababu ya kuahirishwa aliuliza, "Daktari, kama homoni ndiyo iliyoharibika, kisu cha nini?"

Swali hilo halikuwa na jibu rahisi, na lilipelekwa mbele ya kikao cha pamoja cha upasuaji, magonjwa ya ndani, radiolojia na patholojia. Hapo ndipo karatasi zote zilipokaa mezani kwa mara ya kwanza. Hoja mbili zilipingana. Ya kwanza ilisema kwamba mgonjwa atameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, maisha yake yote hata asipopasuliwa, hivyo kuondoa nusu ya tezi iliyokwisha kuchoka hakumpotezei kitu, na shaka ya saratani itakuwa imemalizwa. Ya pili ilisema kwamba upungufu wa homoni, mabaka kwenye tezi nzima na seli za Hürthle vinaelezeka vyote kwa ugonjwa mmoja, ule uliofafanuliwa na Hakaru Hashimoto mwaka 1912, ambao kinga ya mwili huishambulia tezi, na seli zilizosalia hubadilika na kuwa za Hürthle. Kama ni huo, kundi la IV lilipatikana kwa sababu msomaji hakuambiwa alichotakiwa kuambiwa.

Hoja ya kwanza ina udhaifu ambao ni rahisi kuupita. Karibu na tezi hupita mshipa wa fahamu wa sauti, na tezi za parathairoidi zinazotunza kiwango cha kalsiamu mwilini ziko nyuma yake. Kwamba mtu atameza kidonge kwa vyovyote si sababu ya kuvihatarisha.

Kikao kilikubaliana mambo matatu: kipimo cha kingamwili dhidi ya TPO, kimeng'enya cha thairoidi ambacho kinga hukishambulia katika Hashimoto, kifanyike, levothairoksini ianze bila kusubiri kwa sababu T4 iliyoshuka ni ugonjwa unaohitaji tiba hata kinundu kiwe na tabia gani, na slaidi zilezile zisomwe upya na msomaji akiwa na taarifa zote.

Usomaji wa pili na sindano ya pili

Kingamwili dhidi ya TPO zilizidi 600 IU/mL, wakati kikomo cha kawaida katika maabara iliyopima ni 34. Slaidi ziliporudi chini ya hadubini hakuna seli hata moja iliyokuwa imebadilika, lakini kundi lilibadilika. Mfumo wa Bethesda wenyewe unaruhusu kwamba sampuli yenye seli za Hürthle pekee, ikitoka kwa mgonjwa ambaye hali yake inaashiria ugonjwa wa Hashimoto, iwekwe kundi la III, la sampuli zisizo na uhakika, badala ya la IV. Kwa kundi la III hatua ya kawaida ni kurudia sindano. Yaani namba ya TSH, kama ingeandikwa kwenye fomu tangu mwanzo, ingempeleka mgonjwa kwenye sindano nyingine na si kwenye orodha ya upasuaji.

Sindano ya pili ilichomwa baada ya takriban miezi mitatu, ili mabadiliko yaliyoachwa na sindano ya kwanza yatulie, na safari hii iliongozwa na ultrasaundi. Zilichukuliwa sampuli mbili tofauti, moja katikati ya kinundu na nyingine katika tundu la kushoto lisilo na kinundu, kila moja ikawa na lebo yake. Msaidizi alisimama na chupa ya alkoholi ikiwa wazi, na slaidi ikaingia humo mara tu baada ya kutandazwa.

Sampuli ya tundu la kushoto ilijaa limfosaiti za ukubwa mbalimbali zilizochanganyika na seli za Hürthle, kama ilivyotarajiwa. Ile ya kinundu ilionyesha mchanganyiko huohuo, ingawa kwa limfosaiti chache zaidi, na viini havikuwa na ile kasoro ya awali. Iliwekwa kundi la II, salama, ikiambatana na ugonjwa wa Hashimoto.

Matokeo

Upasuaji ulifutwa. Homoni, kwa upande wake, hazikutii haraka. Wiki nane baada ya kuanza levothairoksini TSH ilikuwa imeshuka hadi 9.6 tu, na pendekezo la kwanza lilikuwa kuongeza dozi. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeomba mgonjwa aeleze asubuhi yake ilivyo, naye akaeleza kwamba humeza vidonge vyote kwa pamoja na chai ya maziwa, vya tezi na vya damu, ili asisahau. Madini ya chuma huifunga levothairoksini tumboni na kuizuia isifyonzwe. Alielekezwa kumeza cha tezi kwa maji matupu angalau nusu saa kabla ya chai na kuviacha vya damu vikae mbali kwa saa nne au zaidi. Dozi haikuguswa, na kipimo kilichofuata kilisoma 3.1.

Ultrasaundi ya mwaka mmoja baadaye ilipima kinundu sentimita 2.3. Uchovu na choo kigumu vilikuwa vimeondoka, hedhi ikapungua, na sauti ilibaki nzito kidogo.

Uchambuzi

Kosa linalofanywa mara nyingi zaidi kwa vinundu vya thairoidi ni la upande wa pili: mgonjwa mwenye kinundu huambiwa kwamba homoni zake ni za kawaida, kwa hiyo hana tatizo. Wagonjwa wengi wenye saratani ya thairoidi wana TSH na T4 za kawaida kabisa, kwa sababu saratani huwa katika eneo dogo la tezi huku sehemu nyingine ikiendelea na kazi yake. Damu hueleza tezi inafanya kazi kiasi gani. Sindano hueleza seli za mahali pamoja zina umbo gani. Ukizipanga namba za TSH za wagonjwa wengi mbele ya makundi ya Bethesda, utakuta homoni za kawaida zimetapakaa katika makundi yote, na hakuna namba itakayokutenganishia walio salama na wasio salama.

Hata hivyo kisa hiki kinaonyesha kwamba vipimo hivyo viwili vinahitajiana kwa namna nyingine. Homoni hazikujibu swali la sindano. Zilibadilisha jinsi jibu la sindano linavyopaswa kusomwa, na hilo ndilo ambalo fomu yenye maneno machache ililizuia. Msomaji wa kwanza hakukosea hadubini. Alikosa sentensi moja. Ningependa hili lieleweke kwa uzito wake, kwa sababu katika hospitali zetu tabia ya kuandika "tafadhali chunguza" huonekana kama adabu kwa mtaalamu, wakati kwa kweli ni kumfunga macho.

Sehemu ngumu zaidi ya kisa, nayo ndiyo iliyochukua muda mrefu kikaoni, ni kwamba TSH iliyopanda huelekeza pande mbili kwa wakati mmoja. Kwa upande mmoja inaufanya ugonjwa wa Hashimoto uwe maelezo ya karibu, na kwa hiyo inapunguza hofu ya seli za Hürthle. Kwa upande mwingine, TSH ni kichocheo cha ukuaji wa seli za thairoidi, na watafiti wa Birmingham, Uingereza, walionyesha mwaka 2006 kwamba miongoni mwa wagonjwa wenye vinundu uwezekano wa saratani huongezeka kadiri TSH inavyopanda, hata ndani ya mipaka ya kawaida. Mtu akiisikia nusu ya kwanza tu atasema "ni Hashimoto" na kufunga faili; akiisikia ya pili tu atakimbilia kisu. Ndiyo maana usomaji upya haukukomea kwenye kubadilisha kundi kwenye karatasi. Bila sampuli mpya kutoka ndani ya kinundu chenyewe, kushusha kundi kutoka IV hadi III kungekuwa faraja isiyo na ushahidi.

Kuchukua sampuli pande mbili ndio uamuzi ninaouona kuwa bora zaidi katika kisa chote. Iwapo kinundu kingetoa seli za Hürthle tupu na tundu la kushoto likatoa mchanganyiko wa Hashimoto, tofauti hiyo ingekuwa hoja ya kurudi kwenye upasuaji, kwa kuwa uvimbe mpya unaweza kuota ndani ya tezi yenye Hashimoto. Kufanana kwa sampuli mbili kulikuwa na thamani kwa sababu kutofanana kungeweza kutokea.

Yaliyoshindikana yalikuwa ya kawaida mno: faili mbili kwa mgonjwa mmoja, alkoholi iliyochelewa, vidonge vilivyomezwa pamoja. Hakuna hata moja lililohitaji mashine mpya. Inafaa pia kusema wazi kwamba kilichomwokoa mgonjwa na upasuaji ni ukaguzi wa kabla ya usingizi, ambao haukuwekwa kwa ajili hiyo. Katika hospitali ambayo kipimo cha TSH hakidaiwi kabla ya usingizi, angepasuliwa. Baada ya kisa hiki idara ya patholojia iliongeza kwenye fomu nafasi za TSH, T4 huru, dawa anazotumia mgonjwa na maelezo ya ultrasaundi, na mapokezi ya maabara yakaagizwa kuirudisha fomu ambayo nafasi hizo ziko tupu. Malalamiko yalikuwepo, hasa siku za kliniki zenye msongamano.

Nafasi ya dawa iliongezwa kwa sababu ya wagonjwa wa aina nyingine kabisa, wale wenye TSH iliyoshuka. Anayetumia kabimazoli kwa tezi inayofanya kazi kupita kiasi anaweza kuwa na viini vikubwa vyenye sura ya kutisha ilhali hana saratani. Zaidi ya hapo, kinundu kinachozalisha homoni kupita kiasi mara chache sana huwa saratani, lakini kikichomwa hutoa seli nyingi zilizojipanga kwa namna inayofanana na kundi la IV. Kwa mgonjwa wa TSH ya chini, sindano inapaswa kusubiri picha ya nyuklia ya tezi, na kwa mtu wa Dodoma hiyo humaanisha rufaa, kwa mfano kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Gharama ya safari hiyo ni kishawishi cha kuchoma sindano kwanza, na kishawishi hicho huzaa majibu yanayompeleka mgonjwa kwenye upasuaji usio wa lazima.

Kuhusu mgonjwa wetu, kundi la II halikuondoa ufuatiliaji. Toleo la 2010 lilikadiria hatari iliyobaki kwenye kundi hilo kuwa kati ya asilimia 0 na 3. Ataendelea kupigwa ultrasaundi, na sindano itarudiwa endapo kinundu kitakua kwa asilimia 20 au zaidi katika vipimo viwili, kwa ongezeko lisilopungua milimita 2, au kikipata sura mpya ya kutia shaka. Kuna tukio moja ambalo hatakiwi kulisubiria tarehe ya kliniki: tezi yote kuvimba ndani ya wiki chache, sauti ikikauka au chakula kikikwama. Limfoma ya thairoidi, saratani ya limfosaiti, ni adimu, lakini hupenda kuota kwenye tezi yenye Hashimoto, na huja hivyo. Ameelezwa dalili hizo yeye pamoja na binti yake anayemsindikiza, na zimeandikwa kwenye ukurasa wa mbele wa daftari lake la kliniki, chini ya saa za kumeza vidonge.